Sikio Hutangulia Jicho: Uhariri na Muziki katika Ufunguzi wa Filamu ya Taharuki, kwa Mfano wa Mbulu na Hanang

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa filamu amalizapo kurekodi picha zake hujikuta na rundo la vipande visivyo na hofu yoyote ndani yake. Mlango unafunguliwa, mtu anapita, taa inazimwa. Hakuna hata kipande kimoja kati ya hivyo kinachoweza, kikiwa peke yake, kumfanya mtazamaji ashike pumzi. Hofu huzaliwa baadaye, katika chumba cha uhariri, pale vipande vinapokatwa, vinapopangwa na kuwekewa sauti. Kwa sababu hiyo, ufunguzi wa dakika moja au mbili wa filamu ya taharuki umekuwa zoezi linalopendwa katika ufundishaji wa sanaa hii: ni mfupi, gharama yake ni ndogo, na hufichua upesi iwapo mwanafunzi anaelewa kazi ya mkato na kazi ya sauti.

Mhadhara huu unajadili zoezi hilo kwa kulipeleka katika mazingira mahususi, yaani wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Hoja kuu ni kwamba kila mkato na kila noti ya muziki katika ufunguzi wa filamu ya taharuki hujibu swali moja: anayesikia ni nani? Mhariri anayechagua sikio la kusikilizia huchagua pia nani ataogopa na nani ataogopwa. Uamuzi huo huonekana kuwa wa kiufundi tu, lakini katika nchi yenye jamii jirani zilizokwisha kusingiziwa mengi, una uzito wa kimaadili na wa kihistoria.

2.0 Taharuki na Mshtuko

Neno taharuki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo lina asili moja na neno harakati: ndani yake mna maana ya mwendo, ya kutotulia. Katika uhakiki wa fasihi neno hili hutumika kutaja hali ya msomaji kuwa na hamu na wasiwasi wa kujua litakalofuata. Hapana budi kulitofautisha na mshtuko. Mwelekezaji Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, alieleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Bomu likilipuka bila watazamaji kujua lilikuwapo, watashtuka kwa sekunde chache. Wakijua kwamba lipo, na waliokaa mezani hawajui, mazungumzo ya kawaida kabisa yatawaweka katika taharuki kwa dakika nyingi. Mshtuko hutokana na kunyimwa habari, ilhali taharuki hutokana na kupewa habari kwa kipimo.

Tofauti nyingine inahusu mwelekeo wa wakati. Mwaka huohuo wa 1966 Tzvetan Todorov alionesha kwamba hadithi ya upelelezi hutazama nyuma, kwa kuwa kosa limekwisha kutendeka na kinachotafutwa ni mtendaji, ilhali hadithi ya taharuki hutazama mbele. Msomaji wa Kiswahili anaijua njia ya kwanza kupitia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kusomwa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Njia ya pili anaikuta kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye hatari humkabili mwenyewe. Mwanafunzi anayeandaa ufunguzi hana budi kuamua mapema yuko upande gani. Ufunguzi unaoanza na maiti huuliza nani aliua. Unaoanza na kishindo cha mguu huuliza nani anakuja.

3.0 Ufunguzi Mmoja, Sauti Mbili

Upo mfano mmoja wa kihistoria unaoonesha nguvu ya sauti kuliko maelezo yoyote ya kinadharia. Filamu ya Orson Welles, Touch of Evil, ilitolewa mwaka 1958. Hufunguliwa kwa shoti moja isiyokatwa, inayodumu zaidi ya dakika 3: mkono unatega bomu, bomu linawekwa ndani ya gari, nalo gari linapita polepole katika mitaa ya mji wa mpakani kati ya Marekani na Meksiko. Kampuni iliyotoa filamu hiyo iliweka majina ya waigizaji juu ya picha, pamoja na muziki wa Henry Mancini wenye ngoma na tarumbeta. Welles, aliyekuwa ameondolewa katika uhariri, aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza namna alivyotaka kazi hiyo irekebishwe.

Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri filamu upya kwa kufuata waraka huo. Majina yaliondolewa. Muziki uliotanda juu ya shoti nzima uliondolewa pia, na badala yake zikasikika sauti za mahali penyewe: muziki wa baa moja ukififia na wa baa nyingine ukikaribia, kelele za mtaani, na redio ya gari lenye bomu. Picha haikubadilika, ila maana yake ilibadilika. Katika toleo la mwanzo muziki humwambia mtazamaji ahisi nini. Katika toleo la pili mtazamaji huanza kuitafuta ile redio kwa masikio, kwa kuwa ndiyo inayomwonesha bomu liko wapi hata gari linapotoka machoni. Kutoka kuwa mtu wa kuambiwa anakuwa mtu wa kusikiliza.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Katika M ya Fritz Lang (1931), filamu iliyotengenezwa sauti ilipokuwa bado ngeni katika sinema ya Ujerumani, muuaji wa watoto huingia kama kivuli juu ya bango na kama mluzi. Uso wake hauonekani. Baadaye anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa kuusikia mluzi uleule. Lang hakuhitaji okestra. Alihitaji sauti moja iliyofungamana na mtu mmoja, na subira ya kutomwonesha.

4.0 Nyumba Iliyochimbwa Kilimani

Ili kuijaribu hoja hii, na uchukuliwe mfano wa kubuni wa ufunguzi wa sekunde 90 katika nyanda za juu za Mbulu, katika eneo la Kainam, linalohesabiwa kuwa kitovu cha Wairaqw. Zamani Wairaqw walijenga nyumba zilizochimbwa katika mteremko wa kilima. Paa lake lilikuwa bapa, la miti na udongo, na kwa upande wa nyuma lilikaribia kulingana na ardhi. Watu waliishi humo pamoja na mifugo yao. Ujenzi huo huelezwa kuwa njia ya kujificha dhidi ya wavamizi wa Kimasai waliokuja kutafuta ng'ombe, na mtu aliyetembea mlimani aliweza kukanyaga paa bila kujua kwamba chini yake mna watu. Kwa mtunzi wa taharuki, nyumba hiyo ni hazina: hatari hukanyaga juu ya kichwa, na aliye ndani hana dirisha la kuchungulia. Ana masikio tu.

Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, sekunde 90 ni fremu 2,250. Ufunguzi uanze na giza la fremu 100, na ndani ya giza hilo isikike sauti ya jiwe la kusagia nafaka na pumzi ya ndama. Kutanguliza sauti kabla ya picha yake ni mbinu ya kawaida ya uhariri, na hapa inafanya kazi mbili: inamweka mtazamaji ndani ya nyumba kabla hajaiona, na inamzoesha mdundo wa usagaji. Kisha yaje mikono ya mwanamke, jiwe, na moto. Shoti hizi ziwe ndefu, kwani kinachojengwa ni kawaida, na kawaida isipojengwa hakuna cha kuvunjwa.

Hapo kishindo cha kwanza kisikike juu. Udongo huzuia sauti kali na kupitisha nzito, hivyo kishindo kiwe kizito na kifupi. Mwanafunzi anaweza kukirekodi kwa kukanyaga sanduku lililojazwa mchanga. Vumbi jembamba lidondoke mbele ya moto. Jiwe lisimame. Ukimya unaofuata ndio mkato wenye nguvu kuliko yote katika ufunguzi huu, ingawa picha haijakatwa. Mtu anayetembea kwa kawaida hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde, yaani hatua moja kwa kila fremu 12 au 13. Anayenyemelea hupunguza mwendo. Kishindo cha pili kikija baada ya fremu 50, mtazamaji atajua kwamba huyu si mpita njia. Cha tatu kikicheleweshwa hadi fremu 75, atakuwa amekwisha kuhesabu moyoni. Cha nne kisije kabisa.

Sasa mhariri anakabiliwa na uamuzi. Akikata kwenda juu na kuonesha miguu ya mtu paani, anampa mtazamaji habari ambayo mwanamke hana, na taharuki ya bomu chini ya meza inapatikana. Akibaki ndani, mtazamaji hajui zaidi ya mwanamke, nao wote wawili wanabaki na sikio moja. Njia zote mbili ni halali. Lisilo halali ni kuzichanganya bila sababu, kwani mtazamaji aliyepelekwa nje mara moja na kurudishwa ndani hawezi tena kuamini kwamba yumo nyumbani.

5.0 Muziki: Uanze Lini, Ukome Lini

Swali la muziki hufuata mantiki hiyohiyo. Noti nzito ikianza kabla ya kishindo cha kwanza, filamu inamwonya mtazamaji juu ya jambo ambalo mwanamke hajalijua. Ikianza baada ya jiwe kusimama, muziki unakuwa hofu ya mwanamke mwenyewe. Fremu chache tu huamua iwapo muziki ni wa msimulizi au wa mhusika. Kosa la kawaida katika kazi za wanafunzi ni kuuweka muziki tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, hata usiwe na mahali pa kuanzia wala pa kukomea. Muziki usiokoma hausikiki.

Kuhusu kasi, hesabu ni rahisi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mapigo 60 kwa dakika huangukia kila baada ya fremu 25. Mapigo 75 kila baada ya 20. Mapigo 100 kila baada ya 15. Mapigo 120 huangukia kila baada ya fremu 12 na nusu, na kwa kuwa fremu haigawanyiki, mikato itapishana na mdundo kidogo. Hata hivyo, si lazima mkato uangukie pigo. Mikato yote ikifuata mapigo, mtazamaji atakisia mkato ujao, na anayekisia kwa uhakika haogopi. Walter Murch, katika kitabu chake kuhusu uhariri, aliuweka mdundo katika nafasi ya tatu miongoni mwa vigezo sita vya mkato mzuri, baada ya hisia na hadithi.

Wala wingi wa ala si sharti. Bernard Herrmann alitunga muziki wote wa Psycho (1960) kwa ala za nyuzi peke yake. Ukimya nao ni ala. Methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu ingeweza kuandikwa juu ya meza ya kila mhariri.

Sanaa za wilaya hizi zinaijua kanuni hiyo tangu zamani. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, wana ngoma iitwayo epeme. Huchezwa usiku usio na mbalamwezi, moto ukiwa umezimwa. Wanaume hucheza mmoja mmoja gizani wakiwa na njuga mguuni na manyoya ya mbuni kichwani, huku wanawake wakiimba. Aliyepo humjua mchezaji kwa sauti kuliko kwa sura. Funzo kwa mwanafunzi liko wazi: giza na njuga moja vinatosha kuufanya mwili usioonekana uwepo. Lakini funzo hilo halimpi ruhusa ya kuirekodi epeme na kuifanya muziki wa kutisha. Epeme ni ibada inayoheshimiwa na wenyewe, na kwa jamii hiyo giza lake si la kuogofya. Tena, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi. Kanuni inaweza kuazimwa. Ibada ina wenyewe.

6.0 Umbali na Sikio katika Uwanda wa Hanang

Kutoka nyanda za juu za Mbulu kuelekea kusini, mandhari hufunguka. Mlima Hanang, wenye urefu wa mita zipatazo 3,420, unasimama peke yake juu ya mji wa Katesh na uwanda wa malisho. Hapa tatizo la mhariri hugeuka. Katika nyumba ya Kainam hatari ilisikika bila kuonekana. Katika uwanda huonekana kabla ya kusikika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu anayekata mti umbali wa mita 340 huonekana akipiga shoka, na kishindo hufika fremu 25 baadaye. Programu za uhariri humshawishi mwanafunzi alinganishe shoka na kishindo chake. Akikiacha kishindo kichelewe, atampa mtazamaji jambo ambalo muziki hauwezi kulitoa, yaani kipimo cha upweke. Kadiri pengo linavyopungua kutoka shoti hadi shoti, ndivyo mtazamaji anavyotambua, bila kuambiwa, kwamba umbali unakwisha.

7.0 Muziki Unaposhitaki

Katika uwanda huohuo swali la sikio la nani hufikia uzito wake. Na ichukuliwe shoti ya kijana wa Kibarabaig, mmoja wa Wadatoga wa Hanang, akitembea na mkuki wake nyuma ya ng'ombe. Ikiwekewa sauti ya kengele za ng'ombe na upepo, ni mchungaji kazini. Ikiwekewa noti nzito ya chini, ni muuaji. Lev Kuleshov alikwisha kuonesha, katika majaribio yake nchini Urusi baada ya mapinduzi, kwamba uso uleule husomwa kwa maana tofauti kulingana na picha inayoufuata. Sauti hufanya hivyo pia, tena kwa siri zaidi, kwa kuwa mtazamaji hudhani ameona kile ambacho kwa kweli amekisikia.

Hatari hii si ya nadharia tu. Maandishi mengi ya zama za ukoloni yaliwaeleza Wabarabaig kama watu wa mkuki na mauaji. Hata jina Mang'ati, ambalo Wadatoga huitwa na majirani na ambalo uwanda ulio chini ya mlima unaliitikia, linatokana na neno la Kimasai lenye maana ya adui. Jina hilo ni noti ya chini iliyowekwa juu ya watu wazima kwa watoto, na mwanafunzi anayeweka noti nyingine juu yake anaendeleza wimbo alioukuta.

Ukiulizwa upande wa pili, sauti ya kutisha ingekuwa nyingine kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mpango wa ngano uliosaidiwa na Kanada ulianzisha mashamba makubwa ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yaliyofikia takriban ekari 100,000 za ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua shauri na kushinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Ufunguzi wa filamu unaosikilizwa kwa sikio la mama wa Kibarabaig wa miaka hiyo usingekuwa na mkuki. Ungekuwa na muungurumo wa trekta, mdogo kwanza, nyuma ya kilima, ukikua kila asubuhi.

Yapo pia mambo ambayo sikio la mahali halitayapokea kama burudani. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Muungurumo wa mlima, ambao kwa mtazamaji wa mbali ni athari nzuri ya sauti, kwa mtazamaji wa Katesh ni kumbukumbu ya msiba. Mhariri asiyelijua hilo hajui sauti yake inasema nini.

8.0 Lugha na Hodi

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo la lugha lina nafasi ya pekee. Wilaya hizi ni mahali adimu barani Afrika: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kinailoti, Kinyaturu na Kinyiramba za majirani ni za Kibantu, na Kihadza, chenye sauti za kidoko, watafiti wengi hukihesabu kuwa hakina ndugu. Kiswahili ndicho kinachoziunganisha jamii hizo sokoni, shuleni na ofisini. Kwa hiyo mtu asemapo Kiswahili mlangoni usiku, anayesikia ndani hujiuliza kama ni mgeni, mtumishi wa serikali, au jirani wa lugha nyingine. Mwanafunzi anayewafanya wahusika wote waseme Kiswahili sanifu tangu fremu ya kwanza hupoteza chombo cha taharuki kisichogharimu chochote.

Na Kiswahili chenyewe kina desturi inayofupisha mjadala huu: hodi. Mgeni mwema hutanguliza sauti, husubiri, na huingia baada ya kuitikiwa. Anayekuja bila hodi amekwisha kujieleza. Ndiyo maana vile vishindo vitatu juu ya paa la Kainam hutisha hata bila muziki: ni hatua za mtu ambaye angeweza kuita, na hakuita.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba ufunguzi wa taharuki hujengwa kwa kupima habari, kwamba sauti hubeba sehemu kubwa ya kipimo hicho, na kwamba muda wa noti kuanza huamua hofu ni ya nani. Umeonesha pia kwamba katika Mbulu na Hanang, kama kwingineko, noti inaweza kumshitaki asiye na kosa. Kwa mwanafunzi, hatua za kufuata ni chache: arekodi kwanza sauti tupu ya mahali kabla ya kutafuta muziki wowote, ahariri toleo la kwanza bila muziki, alicheze toleo hilo mbele ya wenyeji wa mahali palipopigwa picha, na awaulize wamesikia nini. Baada ya hapo ndipo aamue kama noti inahitajika. Filamu nayo huingia nyumbani mwa watu, na hodi yake hupigwa katika sekunde zake za kwanza.